Kati ya Mistari Miwili ya Kontua

Kwa miaka tisa nilifundisha jiografia na hisabati katika shule moja ya sekondari ya serikali pembezoni mwa mji wa Sumbawanga. Kila mwaka, kidato cha nne kilipofikia mada ya usomaji wa ramani, nilitandaza mezani karatasi ile ile ya ramani ya 1:50,000, iliyokunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo yake ikatoboka, nikawaonyesha wanafunzi mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye mwinuko sawa. Niliwaeleza kwamba kati ya mstari mmoja na unaoufuata ardhi hupanda au kushuka mita 20, na kwamba sentimita moja ya karatasi ni mita 500 ardhini. Walikokotoa, walijibu, na wengi walifaulu. Mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza ni mambo gani yanaweza kumpata mtu ndani ya mita hizo 20. Swali hilo lilinijia baada ya kuacha darasa, kupanda basi hadi Dar es Salaam na kupanga chumba kwenye mteremko wa Msewe.

Sasa nina umri wa miaka 35 na niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya mipango miji katika Chuo Kikuu Ardhi. Tangu niondoke, walimu wenzangu hawajaacha kuniandikia, na maswali yao karibu yanafanana: ulianzaje, fedha ulizitoa wapi, familia ulimwachia nani, na je, hujutii? Nimekuwa nikiwajibu kwa vipande vipande kwenye simu, usiku, nikiwa nimechoka, na nimeona si haki. Hapa nitajibu kwa kirefu.

Jambo lenyewe lilianzia mtaani kwetu. Mwaka niliofikisha umri wa miaka 31, mtaa wetu uliingizwa katika zoezi la urasimishaji wa makazi. Urasimishaji ni utaratibu wa kuitambua mitaa iliyojengwa bila mpango: wakazi huchangia gharama, huchorwa mchoro wa mipango miji unaozifuata nyumba zilivyo kadiri inavyowezekana, viwanja hupimwa, bikoni, yaani alama za mipaka, hupandwa, na mwisho kila mwenye nyumba huomba hati miliki yake. Katika mkutano wa mtaa ilichaguliwa kamati ya wakazi, nami nikaingizwa humo kwa sababu moja tu iliyotajwa na mzee mmoja aliyesimama nyuma: "Mwalimu huyu anajua ramani."

Kampuni iliyopewa kazi ilikuja, ikapita nyumba kwa nyumba, michango ikakusanywa, na baada ya miezi kadhaa mchoro ukabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa ili wananchi waukague. Jioni ile nilikwenda nikiwa na watu kama kumi hivi, na miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mjane, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye alinishika mkono akaniomba nimwonyeshe nyumba yake. Nilisogea karibu na karatasi. Nilitafuta kwa kidole, nikaanza upya kutokea barabara kuu, nikapotea tena. Mchoro ulikuwa wa 1:2,500, umejaa namba, mistari ya vipimo na herufi za matumizi ya ardhi ambazo sikuwahi kuzifundisha wala kufundishwa. Yule mama aliendelea kusubiri kwa adabu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kumbe na wewe mwalimu huioni?"

Sikuiona. Baada ya hapo kampuni ilipanda bikoni upande mmoja wa mtaa, ikaacha kuja, na simu zake zikaacha kupokelewa. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyepata hati. Watu walikuwa wametoa fedha za mahindi, fedha za ada za watoto, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele ya mkutano kuwahimiza wachangie. Uchungu wa kupoteza fedha ulikuwapo, lakini kilichonikosesha usingizi ni lile swali la ukaguzi wa mchoro. Lau ningeweza kuusoma ule mchoro, ningejua kama una kasoro, na lau ningejua, ningeweza kusema wakati kusema kungali na maana. Niliifundisha ramani kwa miaka tisa, na ramani ya kwanza iliyoamua maisha ya majirani zangu ilinishinda.

Kwa hiyo sikuuchoka ualimu, na hilo ningependa lieleweke, kwa kuwa wengi hudhani mwalimu anayeondoka ameukimbia mshahara au ameuchoka msongamano wa darasa. Niliupenda. Hadi leo mtu akiita "Mwalimu!" kwenye kituo cha daladala nageuka.

Maandalizi yalichukua miaka miwili. Shahada yangu ya kwanza ilikuwa ya ualimu, lakini somo la jiografia lilinifungulia mlango, kwa kuwa mipango miji ni fani inayopokea watu waliotokea jiografia, uhandisi, usanifu majengo na hata uchumi. Kudahiliwa hakukunisumbua kama kulivyonisumbua kupata ruhusa. Barua ya mtumishi wa umma haiendi moja kwa moja: ilipitia kwa mkuu wa shule, ikapitia ofisi ya elimu, ikafika kwa mwajiri, ikakaa huko miezi mitano. Jibu lilipokuja lilisema kwamba kozi niliyoiomba haihusiani na kada yangu, na kwamba nikitaka kwenda, nitakwenda kwa likizo bila malipo. Niliisoma barua ile mara tatu nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Kwa mtazamo wa utaratibu walikuwa na hoja, kwa sababu serikali humlipia mwalimu aende akasomee ualimu. Kwa upande wangu ilimaanisha miezi isiyopungua kumi na minane bila mshahara.

Nilikuwa na akiba katika ushirika wetu wa kuweka na kukopa, niliyoijenga kwa miaka minne, na mwaka ule shamba lilitukubali, tukauza magunia 28 ya mahindi. Mume wangu, ambaye huendesha lori la nafaka kati ya Sumbawanga na Tunduma, alikaa kimya siku mbili, kisha akasema, "Tutapunguza vitu," na kweli tulipunguza: tukaahirisha kuezeka vyumba viwili vya nyuma, tukauza pikipiki. Mama yangu ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuwa akipepeta maharage uani nilipomweleza, na hakuniangalia. "Una mshahara, una bima, una watoto mia mbili wanaokuamkia kila asubuhi," alisema. "Unakwenda kutafuta nini mjini ambako hakuna anayekujua?" Alipomaliza kupepeta ndipo aliposema mjukuu wake abaki naye, kwa kuwa ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza na haitakuwa vizuri kumhamisha. Nilijua kwamba huko ndiko kuniruhusu kwake.

Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara ya Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro. Kuna jambo moja la safari ile ambalo sikulijua siku hiyo. Wapima ramani wameigawa dunia katika kanda za digrii sita sita za longitudo, na mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya digrii 36, ambayo barabara yetu inaivuka muda mfupi baada ya kuupita mji wa Iringa. Hakuna bango, na basi halipunguzi mwendo. Lakini toka pale, namba zote zinazotaja mahali zinahesabiwa kutoka kwenye mstari mwingine, na mtu akiendelea kutumia za nyumbani, ramani itampeleka asikokujua. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa kuwa lilinigharimu wiki nzima.

Tuliingia kituo cha mabasi cha Mbezi Luis saa sita usiku, na joto lilinipokea mlangoni mwa basi kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Sisi wa Ufipa, nyanda za juu za Sumbawanga, tumezoea kulala na mablanketi mawili mwezi wa Juni.

Juma la kwanza lilikuwa la dalali. Aliyewahi kutafuta chumba Dar es Salaam anajua: dalali hutaka fedha ya kukuzungusha kabla ya kukuonyesha mlango wa kwanza, na ukipata nyumba atachukua kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, wakati mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo. Nilionyeshwa vyumba tisa kwa siku tatu. Vya Sinza vilinishinda bei, vya Makongo vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa, na mwishowe nikapata chumba na sebule Msewe kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Nilitoa 720,000 za miezi sita, na 120,000 za dalali, nikabaki nimekaa juu ya begi katikati ya sebule tupu nikipiga hesabu ya kilichobaki. Ninaitaja hesabu hii kwa makusudi, kwa sababu walimu wanaoniuliza kuhusu ada husahau kwamba fedha kubwa ya kwanza hutoka kabla hujaingia darasani.

Sinza yenyewe ina historia ambayo niliijua baadaye, nikatamani ningeijua siku zile za dalali. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikavitilia barabara na maji ili watu wa kipato cha chini wajijengee polepole, na wakati huo huo ikaanza kuboresha maeneo yaliyokwisha kujengwa kama Manzese. Leo mwanafunzi mwenye akiba ya mahindi hawezi kupanga Sinza. Tukio kama hilo wahadhiri hulieleza kwa neno moja la kitaaluma, nami sina ugomvi na neno hilo, ila niliposikia nilihisi nimelielewa tangu siku ya chumba cha nne cha dalali.

Ndivyo ilivyokuwa muhula mzima wa kwanza: kila kilichofundishwa darasani nilikuwa nimekikanyaga njiani asubuhi ile. Tulifundishwa jinsi Wajerumani, na baada yao Waingereza, walivyoligawa jiji katika maeneo matatu ambayo wenyeji waliyaita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kwamba mpango wa mwaka 1949 uliendelea kuyatenganisha kwa maeneo ya wazi. Tulifundishwa mpango wa 1968, kisha ule wa 1979, ambao jiji lilibaki nao kwa miongo kadhaa huku likikua mara dufu na zaidi. Sensa ya 2002 iliwahesabu watu 2,487,288 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikawahesabu 5,383,728. Watu hao karibu milioni tatu walioongezeka hawakungoja mpango. Walinunua mashamba ya mikorosho, wakayakata vipande, wakajenga. Mara nyingi hutajwa kwamba takriban asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi katika makazi yasiyopangwa, na mimi, mwanafunzi wa mipango miji, nilikuwa mmoja wao, nikichangia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na wapangaji wenzangu wawili kwenye mita moja.

Mwenye nyumba wangu ni mama wa makamo ya kuzeeka, ambaye tangu siku ya kwanza huniita "mwanangu" nami namwamkia shikamoo kila ninapotoka. Alipofahamu ninachokisomea, alibadilika kidogo. Siku niliyorudi nyumbani na kifaa cha GPS cha mafunzo kwa vitendo, alikitazama kwa muda, akauliza kama chuo kinataka kuja kupima huku. Nilimwambia hapana, ni cha mazoezi tu. Hakuridhika, na nilimwelewa. Watu wa jiji hili waliona nyumba zikipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu katika bonde la Msimbazi na kubomolewa mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016. Kwa watu wengi, mtu mwenye kifaa cha kupimia akionekana uchochoroni, ubomoaji uko nyuma yake.

Ilimchukua miezi minne kuniamini. Jumapili moja aliniita sebuleni kwake, akatoa kutoka sandukuni mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko, bahasha, na ndani ya bahasha, karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari la mistari. Ilikuwa hati ya mauziano ya kiwanja chake. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu mwaka 1994, ikawa na sahihi ya muuzaji, ya mnunuzi, ya mashahidi wanne na ya mjumbe wa nyumba kumi, pamoja na muhuri uliofifia. Mipaka ilielezwa hivi: mashariki, kwa jirani aliyetajwa kwa jina, magharibi, njia ya watu, kaskazini, mkorosho mkubwa, kusini, korongo. Hakukuwa na kipimo hata kimoja. Mkorosho ulikatwa zamani, lakini alinipeleka nje akanionyesha ulipokuwa, na jirani aliyekuwa akifua akaitikia, "Hapo hapo, bibi." Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, hivyo karatasi ile haimpi hati miliki. Sheria hiyo hiyo iliweka leseni ya makazi kwa ajili ya watu kama yeye, isiyozidi miaka mitano kwa kila inapotolewa. Lakini kwa miaka thelathini karatasi ya daftari na kumbukumbu ya jirani anayefua zimeshikilia mpaka ule bila kesi hata moja. Nilikuwa nimekuja Dar es Salaam nikiamini kwamba mitaa isiyopangwa haina utaratibu, na imani hiyo iliondoka kwenye sebule ile.

Halafu kuna lile korongo la upande wa kusini. Katika hati ya 1994 limetajwa kwa neno moja. Nilipohamia, mwezi Oktoba, lilikuwa mfereji mkavu wenye taka, na watoto walilivuka kwa kuruka. Usiku mmoja wa masika, mwezi Aprili, niliamshwa na sauti niliyoidhania ni ya lori. Tulitoka na tochi za simu. Maji yalikuwa yanapita kwa rangi ya chai ya maziwa, yakibeba matairi na viroba vya mchanga ambavyo wakazi walikuwa wamevipanga kulinda kingo, na tulipokuwa tumesimama pale ukuta wa choo cha nyumba ya chini yetu ukalala ndani ya maji polepole, matofali yakiwa bado yameshikana. Hakuna aliyeumia. Asubuhi nilishuka na futi kamba. Kutoka kizingiti cha mlango wetu hadi kwenye sakafu ya korongo ni tofauti ya mita sita na nusu, na kutoka kwetu hadi kwenye choo kilichoanguka ni hatua kumi na nne.

Nilirudi ndani nikafungua kwenye kompyuta karatasi ya ramani ya eneo letu, ya 1:50,000, na kuitafuta sehemu ile. Mtaa mzima uko kati ya mistari miwili ya kontua. Hakuna mstari unaoligusa korongo. Nyumba ya mama mwenye nyumba, choo cha jirani, viroba, matairi, watoto wanaoruka, vyote vimo katika nafasi nyeupe ambayo mimi ningewaambia wanafunzi wangu ni mteremko wa wastani, na kuwapa alama.

Chuoni nako nilikuwa najifunza kwa njia ngumu. Chuo Kikuu Ardhi kilianza mwaka 1956 kama shule ya kufundisha upimaji, kikapita hatua kadhaa, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na kujitegemea mwaka 2007. Studio ndiyo roho yake. Mwanafunzi hubandika kazi yake ukutani na wahadhiri huipitia mbele ya wenzake. Kazi yangu ya kwanza ilirudi ikiwa na wino mwekundu kila kona, na aliyeushika wino huo alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Nimetumia wino mwekundu maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kujua jinsi unavyoonekana kutoka upande wa pili. Nilijizuia hadi nikafika chumbani, kisha nikalia, si kwa hasira, bali kwa kukumbuka madaftari ya watoto fulani fulani ambao nilipaswa kuwaandikia sentensi moja ya kuwatia moyo nikawaandikia alama tu.

Wenzangu wengi walikuwa na miaka 24 au 25, waliotoka shahada ya kwanza moja kwa moja, na vidole vyao vilizijua programu za ramani kama vya mama yangu vinavyolijua ungo. Mimi nilikuwa sijawahi kufungua hata moja. Katika zoezi la mwezi wa pili nilikusanya kwa simu nukta 212 za nyumba na njia za mtaa wangu, nikaziingiza kwenye programu ya QGIS, na nyumba zote zikaangukia mahali pasipo nyumba. Nilizifuta, nikaziingiza upya, matokeo yale yale. Wiki ilikwisha. Hatimaye kijana niliyekaa naye meza moja aliinama kwenye skrini yangu, akauliza, "Dada, umechagua kanda gani?" Nilikuwa nimechagua kanda ya 36. Ndiyo kanda ya Sumbawanga, ndiyo niliyoikariri tangu mafunzo ya ualimu, na sikuwa nimefikiri kwamba kwa kuhama nimetoka ndani yake. Alipoiweka 37, nyumba zilirudi jijini lakini bado zilikuwa zimesogea kama mita 300, na hapo akaniambia kosa la pili: ramani zetu za zamani zilitengenezwa kwa mfumo wa msingi wa Arc 1960, wakati simu hutoa namba za mfumo mwingine, WGS84. Akabofya mara moja, nukta 212 zikakaa juu ya mapaa yake.

Nilipoulizwa nitamlipa nini, nilimwambia takwimu. Yeye na wenzake watatu walikuwa wanazama kwenye somo la mbinu za utafiti, na takwimu kwangu ni chumba cha nyumbani. Basi kila Alhamisi jioni tulikaa chini ya mti nje ya maktaba, mimi nikifundisha ubaoni mwa daftari, wao wakinifundisha ramani. Katika kipindi cha tatu niligundua kwamba nimesimama, nimeshika kalamu kama chaki, na nauliza, "Tuko pamoja?" Wote wakaitikia kama kidato cha pili.

Upweke sitauficha. Kwetu mtu hupita bila kukusalimu akiwa na jambo zito tu. Jijini wanapita mia na hakuna anayeinua macho, na mwanzoni nilikuwa narudi chumbani nikihisi nimekosea watu wote hao. Mwanangu alipojifunza kusoma, alinisomea kwa simu ukurasa mzima wa kitabu chake, herufi kwa herufi, na mimi ndiye mwalimu ambaye sikuwapo. Mama alishika simu baadaye akasema tu, "Amesoma." Mwalimu mwenye mtoto mdogo akiniuliza kama inafaa, namweleza hilo kabla ya mambo ya ada, na simwambii kwamba litakwisha upesi, kwa sababu halikwisha.

Nawaambia pia wasiondoke kwa kuchukia walikotoka. Niliofuatana nao waliokuja kwa hasira ya kazi ya zamani walipata tabu, kwa kuwa kazi mpya nayo ina ofisi, ina barua zinazokaa miezi mitano, ina wakubwa. Lakini wale waliokuja na swali lao, awe nesi anayetaka kujua kwa nini kipindupindu kinarudi mtaa ule ule au mhasibu aliyekerwa na masoko yanayojengwa pasipo wateja, waliweza kukaa hadi saa tano usiku studio, kwa sababu kila somo walilisikiliza wakitafuta jibu lao. Na wapige hesabu ya kodi ya miezi sita kabla ya kupiga hesabu ya ada.

Swali langu lilikuwa mchoro wa ukutani, na nikalichukua kuwa mada ya tasnifu: kwa nini urasimishaji wa mtaa mmoja wa Sumbawanga ulikwama baada ya wananchi kuchangia. Julai iliyopita nilirudi nyumbani kwa ajili ya utafiti. Mwenyekiti wa mtaa alinitolea mchoro ule ukiwa umeviringishwa juu ya kabati, pembe moja imeliwa na mchwa, tukautandaza mezani. Nilituma mtoto akamwite yule mama mjane.

Nyumba yake niliipata kabla hajaketi. Ni mstatili wa milimita nne kwa tatu hivi, yaani mita kumi kwa nane, na juu ya kona ya jiko lake inapita barabara ya mtaa iliyochorwa kwa upana wa mita sita. Hakuna aliyekuwa amemwambia, wala sisi wa kamati hatukujua kwamba tulikuwa tumeusaini mchoro wenye barabara hiyo. Tulikwenda wote, pamoja na mwanangu, tukapima. Yeye alishika mwanzo wa futi kamba kwenye ukuta wa jiko, mimi nikaivuta hadi kwenye uzio wa jirani: mita nne na sentimita kumi. Kwa upana huo hupita mtu, hupita baiskeli, hupita machela, na hata gari dogo la wagonjwa likienda taratibu. Barabara ya mita sita haipiti bila kuvunja jiko.

Tulimweleza yule mama kwamba mchoro unaweza kurekebishwa kabla upimaji haujaendelea, njia ile ikabaki mita nne na kuandikwa njia ya watembea kwa miguu. Nilimwonyesha kwa kidole mahali penyewe, naye akauweka wake juu ya wangu, akabaki anaitazama. Kamati ilikutana Jumamosi, tukapita nyumba kwa nyumba tukiwa na mchoro mkononi, na tukapata nyumba nyingine nne zenye kasoro kama hiyo. Barua ya wakazi imekwisha pokelewa kwa afisa mipango miji ikiwa na sahihi 61 na vipimo vya nyumba zote tano, na nakala yake ndiyo kiambatisho cha kwanza cha tasnifu yangu.